Kabla ya Kumdunga Panya CNO

Mwanafunzi wa uzamili wa Maseno au Egerton anayepanga kutumia vipokezi vya DREADD (vipokezi vya kutengenezwa vinavyowekwa kwenye niuroni, yaani seli za ubongo, na kuamshwa na dawa ya CNO) ajiulize kwanza: nikituliza niuroni zinazozuia, ni zipi zitakazochangamka? Kipokezi hM4Di hutuliza seli kilimowekwa. Kikiwa kwenye niuroni za parvalbumini (PV), ambazo kazi yake ni kuzuia nyingine, breki ndiyo inayolegea, na niuroni za jirani zilizokuwa zikizuiwa huanza kufyatua zaidi. Unataka uzuiaji uongezeke? Weka hM3Dq, kipokezi kinachochangamsha, kwenye seli hizo hizo. Ukilegeza breki kupita kiasi kwenye hipokampasi, panya anaweza kushikwa na kifafa, kwa hiyo anza na dozi ndogo.

Kipokezi hupelekwa kwenye seli na kirusi. Kwa panya wa PV-Cre, ambao niuroni zao za parvalbumini zina kimeng'enya cha Cre, kirusi cha AAV (kirusi kinachobeba jeni) chenye muundo wa DIO hufanya kazi kwenye seli zenye Cre pekee. Dunga nanolita 200 hadi 300 kila upande, zisizozidi 100 kwa dakika, kisha iache sindano dakika 10. Ukiichomoa haraka, kirusi hupanda nayo na kuenea usikotaka. Subiri wiki 3.

Kirusi kigawe mikrolita 5 kwa kila kichupa kabla ya kukihifadhi kwenye friza ya nyuzi −80. Kukigandisha na kukiyeyusha mara kwa mara hukidhoofisha. Kisumu ikipigwa na radi na stima ikapotea, usiifungue friza hiyo, hata kwa kuchungulia tu.

CNO ya kawaida haipendi maji. Yeyusha miligramu 1 kwenye mikrolita 50 za kiyeyushi cha DMSO, ongeza maji ya chumvi ya 0.9% hadi mililita 10. Panya wa gramu 25 akipewa mililita 0.25 tumboni, amepata miligramu 1 kwa kilo. Ukiona chembe chini ya chupa, usidunge: dozi imeshaharibika. Anza vipimo baada ya dakika 30 hivi.

Kosa linaloua tasnifu nyingi ni kundi la kulinganisha. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba CNO hugeuka klozapini, dawa ya magonjwa ya akili, mwilini, na klozapini yenyewe hubadilisha tabia ya panya. Maji ya chumvi peke yake hayatoshi. Lazima wawepo panya wenye mCherry (protini nyekundu inayong'aa, ya kuonyesha kirusi kilipofika) bila kipokezi, nao wapewe CNO ile ile.

Vibali vya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu) na vya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia viombwe mapema, maana kirusi hakisubiri karatasi bandarini.

Mwishoni kata ubongo, ukague mCherry imetua wapi. Panya ambaye imetua nje ya eneo mwondoe kwenye hesabu kabla hujafungua orodha ya nani alipewa nini.