Si kidonge cha presha kinachoua figo

Swali: Habari za kazi, mfamasia. Mimi ni mama wa miaka 61. Nina presha kwa miaka mingi na nilikuwa natumia losatani ya miligramu 50. Wiki tatu zilizopita daktari alinibadilishia, akanipa kidonge kimoja chenye losatani 50 na haidroklorothiazaidi 12.5. Tangu hapo nikiamka asubuhi na kusimama nashikwa na kizunguzungu. Jirani yangu anasema dawa mbili ndani ya kidonge kimoja ni sumu kwa figo, na kwamba ndugu yake aliishia kusafishwa damu kwa sababu ya vidonge kama hivi. Amenishauri nikikate nusu, halafu nihamie kwenye unga wa mitishamba anaotumia yeye, ambao anasema unatibu presha na viungo kwa pamoja. Magoti nayo yananitesa, nameza diklofenaki karibu kila siku. Je, niache kidonge hiki kabla figo hazijaharibika?

Jibu: Mama, kidonge usikiache wala usikikate. Cha kuacha leo ni diklofenaki. Umeitaja mwishoni, kwa kupita tu, na hivyo ndivyo wanavyofanya karibu wote wanaoniuliza kuhusu presha na figo: dawa waliyoandikiwa na daktari wanaiogopa, ile wanayojinunulia wenyewe hata hawaihesabu kuwa ni dawa.

Tuanze na kizunguzungu, maana hicho kinaweza kukuangusha kesho asubuhi. Toa dawa zote ulizo nazo nyumbani, zitandaze mezani, utafute lile boksi la losatani ya zamani. Kama bado unakimeza kidonge cha zamani pamoja na hiki kipya, basi unapata miligramu 100 za losatani badala ya 50. Kosa hili naliona kila mara na sishangai, kwa sababu kila kiwanda kina jina lake la biashara na maboksi hayafanani hata kidogo. Soma maandishi madogo yaliyo chini ya jina la biashara. Hayo ndiyo yanayosema kilichomo. Ukikuta jina linaloishia na "sartan" kwenye maboksi mawili, au "sartan" kwenye moja na "pril" kwenye jingine, usivimeze pamoja kabla ya kuongea na daktari wako. Makundi hayo mawili yanagusa mfumo uleule wa mwili. Utafiti wa ONTARGET, uliochapishwa mwaka 2008, uliyaunganisha kwa makusudi, telmisatani pamoja na ramiprili, na wagonjwa hawakupata faida ya ziada. Walichozidi kupata ni presha kushuka mno na matatizo ya figo. Kwa hiyo, ndiyo, ipo michanganyiko mibaya. Wa losatani na haidroklorothiazaidi haumo.

Kama hakuna dawa iliyorudiwa, pima presha ukiwa umekaa kwa dakika tano, kisha simama upime tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ziandike na umpelekee daktari ndani ya siku chache. Kwa sasa ukiamka kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, chezesha miguu, ndipo usimame. Na ukapime damu. Haidroklorothiazaidi hutoa maji na chumvi mwilini, na kwa wanawake wa umri mkubwa inaweza kushusha sodiamu kwenye damu kiasi cha kuleta kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, hata kuchanganyikiwa. Mashine ya presha haiwezi kuliona hilo. Omba kreatinini (taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinachuja vipi), potasiamu na sodiamu. Wiki tatu baada ya kubadilishiwa dawa, vipimo hivyo vilipaswa kuwa vimeshafanyika au viko njiani. Ukizimia au watu wa nyumbani wakiona unaongea mambo yasiyoeleweka, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kuhusu kukata nusu: ukikikata unapunguza dawa zote mbili kwa mkupuo, wakati huenda inayohitaji kupunguzwa ni moja tu. Vidonge vingine vya presha, kama nifedipini ya kutoka polepole, ukivikata au kuvitafuna dawa ya siku nzima inaweza kumwagika mwilini kwa wakati mmoja. Mwenye kupunguza dozi ni daktari, akiwa na namba zako mkononi.

Sasa figo. Hapa nitakaa, kwa sababu imani kwamba dawa za presha huharibu figo imepeleka kwenye mashine za kusafisha damu watu ambao wangeweza kuepuka kufika huko.

Kila figo ina vichujio vidogo sana, takribani milioni moja. Kila kichujio kina mshipa mwembamba unaoingiza damu na mwingine unaoitoa. Presha ikiwa juu, damu hugonga vichujio hivyo mchana na usiku, miaka nenda miaka rudi, bila maumivu yoyote, mpaka kimoja baada ya kingine vinageuka makovu. Losatani na wenzake hulegeza ule mshipa wa kutoa damu, na hivyo msukumo ndani ya kichujio hupungua. Kwa sababu msukumo umepungua, kreatinini inaweza kupanda kidogo katika wiki za mwanzo. Madaktari huvumilia ongezeko la hadi asilimia 30 huku wakirudia kipimo. Ongezeko la namna hiyo huonyesha kuwa dawa inafanya kazi yake. Lakini mgonjwa anaiona karatasi ya maabara, anamwonyesha mtu asiyejua, anaambiwa "figo zimeanza kufa", anaacha dawa, na vichujio vinarudi kugongwa kama zamani.

Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa RENAAL. Walishiriki wagonjwa 1,513 wa kisukari cha aina ya pili ambao figo zao zilikuwa tayari zimeathirika. Waliopewa losatani juu ya matibabu yao ya kawaida walikuwa na hatari ya figo kushindwa kabisa iliyopungua kwa asilimia 28 kuliko wasioipata. Ni losatani hiyohiyo iliyo ndani ya kidonge chako, mama.

Ndugu wa jirani yako nampa pole. Ni kweli wengi wanaosafishwa damu wana vidonge vya presha, kwa kuwa presha ni mojawapo ya vyanzo vikubwa vya figo kushindwa, na figo zikishaugua nazo huipandisha presha zaidi. Penye mvua utaona miavuli, na hakuna anayesema mwavuli ndio ulioleta mvua. Kama ndugu huyo alitumia dawa kwa kuruka siku, au aliziacha kila alipojisikia vizuri, vidonge vilihukumiwa kwa kazi ambayo havikuachiwa viifanye.

Diklofenaki ni habari nyingine. Mwili una kemikali zinazouweka wazi ule mshipa wa kuingiza damu kwenye kichujio. Diklofenaki, ibuprofeni, naprokseni na ndugu zao huzizuia kemikali hizo, na mshipa unabana. Hebu ziweke zote tatu pamoja: diklofenaki imebana mlango wa kuingilia, losatani imelegeza wa kutokea, haidroklorothiazaidi imepunguza maji mwilini. Kichujio kinakosa msukumo wa kuchuja, na figo zinaweza kuzima ndani ya siku chache, hasa ukipata kuharisha au ukikaa muda mrefu bila kunywa maji. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu watu wanaotumia dawa za namna hii tatu kwa pamoja ulionyesha kwamba hatari huwa kubwa zaidi katika siku 30 za mwanzo. Wewe uko humo humo. Jirani alikuwa na haki ya kuogopa mchanganyiko, ila amenyooshea kidole kidonge kisicho na hatia.

Kuna jingine ambalo ningependa daktari wako alijue. Diklofenaki hushikilia chumvi na maji mwilini, hupandisha presha, na hupunguza nguvu za losatani na za dawa ya kutoa maji. Siku ile presha yako ilipokutwa juu na ukaongezewa dawa, daktari alijua kwamba unaimeza karibu kila siku? Kama hakujua, inawezekana kabisa umeongezewa dawa ya pili ili kupambana na presha iliyopandishwa na dawa ya magoti. Ukiacha diklofenaki presha inaweza kushuka zaidi, na kizunguzungu kikaongezeka badala ya kupungua. Ndiyo maana usiishie kuacha tu: pima presha asubuhi na jioni kwa wiki mbili, uandike, umpelekee. Huenda ukarudishwa kwenye dawa moja.

Kwa maumivu, parasetamoli ya kawaida kwa dozi iliyoandikwa kwenye boksi ni salama zaidi kwa figo, ingawa ukiona unaihitaji kila siku mwambie daktari, kwani nayo ikitumika kila siku kwa dozi kubwa hupandisha presha kiasi. Epuka ile inayoyeyuka kwenye maji na kutoa povu. Ina sodiamu nyingi. Muulize pia kuhusu jeli ya kupaka na mazoezi ya misuli ya mapaja, ambayo husaidia magoti kuliko watu wanavyodhani.

Huo unga sasa. Dawa inayodaiwa kutibu presha na viungo kwa pamoja inanitia hofu kuliko kidonge chochote kilicho kwenye rafu zangu. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa maonyo kuhusu bidhaa za viungo zilizouzwa kama za asili, ambazo zilipopimwa zilikutwa na diklofenaki na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, bila kutajwa kwenye lebo. Mtu anaacha diklofenaki ya dukani, anahamia kwenye unga, magoti yanatulia ajabu, kumbe anaendelea kuinywa, tena pamoja na steroidi inayopandisha presha na sukari. Sisemi kwamba huo wa jirani yako una hivyo. Nasema wewe hujui, yeye hajui, na anayeuuza hana karatasi ya kukuonyesha kilichomo wala kiasi chake.

Wauzaji hao wana ushahidi mmoja wanaoupenda: mgonjwa aliyeacha vidonge, akanywa dawa yao siku tatu, akapima presha na kuikuta nzuri. Kinachowasaidia ni vidonge vilevile wanavyovitukana. Amlodipini, ambayo iko kwenye michanganyiko mingi, huchukua saa 30 hadi 50 kupungua nusu mwilini, na athari ya haidroklorothiazaidi kwenye presha inaweza kubaki siku kadhaa baada ya kuiacha. Siku ya tatu bado ni dawa ya hospitali inayofanya kazi. Inapofika wiki ya pili au ya tatu presha imesharudi ilikokuwa, mgonjwa hapimi tena kwa kuwa ameshatangaza amepona, na muuzaji ameshapokea pesa yake. Na kuna dawa nyingine, klonidini na atenololi mojawapo, ambazo ukizikatisha ghafla presha au moyo huruka juu kwa kasi. Anayekuambia "acha zote leo" bila kuuliza unatumia ipi anacheza na uhai wako.

Wasomaji wengine wanaotumia vidonge vyenye losatani, valsatani, telmisatani, au enalaprili na lisinoprili, chukueni na haya. Zile chumvi mbadala zinazouzwa kwa wenye presha nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu; zikikutana na dawa hizi potasiamu hupanda, na ikipanda sana moyo husimama. Kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita septrini, nayo hupandisha potasiamu, kwa hiyo kabla ya kuimeza mwambie anayekupa kwamba una dawa ya presha. Midomo, ulimi au uso vikivimba baada ya kumeza kidonge, hasa kile cha kundi la "pril", kimbilia hospitali na usikirudie tena. Mwanamke mwenye mimba, au anayehisi ameshika mimba, asiendelee na "pril" wala "sartan" hata moja. Amwone daktari siku hiyohiyo abadilishiwe, kwa sababu humdhuru mtoto tumboni.

Ukitapika au kuharisha mfululizo, mpigie daktari au mfamasia wako mapema umuulize kama usimamishe kidonge kwa muda. Mara nyingi "sartan", "pril" na dawa za kutoa maji husimamishwa mpaka uwe unakula na kunywa kawaida kwa saa 24 hadi 48, kisha unarudi kwenye dozi yako ileile. Andika tarehe ya kurudi mahali utakapoiona, kwa kuwa wengi husimamisha kwa siku mbili na kukaa miezi miwili.