Rhythmbox haikioni kicheza muziki chako? Kwanza jua kinaongea lugha gani

Umechomeka kicheza muziki kwenye kompyuta ya Linux. Kinachaji, pengine hata folda zake zimefunguka, lakini Rhythmbox, programu ya kupanga na kucheza nyimbo, iko kimya kama vile hakuna kilichoingia. Mara nyingi kifaa ni kizima na programu ni nzima. Kinachokosekana ni mtu wa kuiambia programu kwamba hiki ni kicheza muziki, si flashi ya kawaida.

Waya kwanza. Waya nyingi zinazouzwa kwa ajili ya kuchajia hazina nyuzi za data ndani, kwa hiyo taa itawaka na kompyuta isione chochote. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika `lsusb`, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, kabla ya kuchomeka, kisha uandike tena baada ya kuchomeka. Usipoona mstari mpya, badilisha waya au tundu, na usiguse kitu kingine mpaka mstari huo utokee.

Ukitokea, usome vizuri. Vicheza muziki hujitambulisha kwa njia mbili. Ya kwanza ni MSC: kifaa hujionyesha kama diski, nawe unanakili faili utakavyo. Ya pili ni MTP: kifaa chenyewe ndicho kinachosimamia faili zake, na kompyuta hupeleka maombi tu. Sansa Clip+ ya SanDisk inazo zote mbili. Ikiwa kwenye MTP, `lsusb` huonyesha namba ya utambulisho 0781:74d0. Ikiwa kwenye MSC, 0781:74d1. Tarakimu moja tu ya mwisho imebadilika, lakini kwa Linux hivyo ni vifaa viwili tofauti kabisa.

Kifaa kikikupa nafasi ya kuchagua, chagua MSC. Kwenye Clip+ ingia Settings, System Settings, kisha USB Mode. Ila kabla ya kubadilisha, futa nyimbo zilizoingizwa kwa njia ya zamani. Zilizopakiwa kwa MTP hazitaonekana kwenye kompyuta ukiwa MSC, na huku zinaendelea kula nafasi.

Sasa tuje kwenye kiini cha tatizo kwa vifaa vya MSC. Linux ina daftari la vicheza muziki vinavyojulikana, linalokuja na kifurushi cha `media-player-info`. Kama kifaa chako kimo, mfumo hukipa alama. Angalia hivi, ukibadilisha `sdb` kwa jina lililoonyeshwa na `lsblk`, amri inayoorodhesha diski:

`udevadm info --query=property --name=/dev/sdb | grep ID_MEDIA_PLAYER`

Jibu likiwa tupu, kifaa hakimo daftarini. Vile vidogo visivyo na jina la maana mgongoni karibu vyote huangukia hapa. Dawa ni faili moja tupu, iitwayo `.is_audio_player`, iwekwe juu kabisa ya diski ya kifaa, nje ya folda zote:

`touch /media/$USER/JINA_LA_KIFAA/.is_audio_player`

Kwenye Fedora njia huanza na `/run/media`. Zingatia nukta ya mwanzo. Bila nukta faili haina kazi, na kwa sababu ya nukta hutaiona mpaka ubonyeze Ctrl+H. Kisha toa kifaa na ukichomeke upya, maana Rhythmbox hukagua faili hiyo kifaa kinapoingia. Hakikisha pia kwamba plagini (kiongezeo) ya vicheza muziki vya kawaida imewashwa kwenye orodha ya plagini za Rhythmbox. Kifaa chenye kadi ya microSD huonekana kama diski mbili, na kila moja inahitaji faili yake.

Faili tupu inatosha ili kifaa kitambuliwe, lakini ukiiandikia mistari mitatu itakufaa zaidi:

`audio_folders=MUSIC/`
`folder_depth=2`
`output_formats=audio/mpeg`

Mstari wa kwanza unasema nyimbo zikae wapi. Wa pili unapanga folda: 2 ni msanii kisha albamu, 1 ni folda moja yenye jina la msanii na albamu kwa pamoja, 0 ni nyimbo zote zimwagwe mahali pamoja. Wa tatu ndio unaosahaulika sana. Ukitaja `audio/mpeg` peke yake, nyimbo zako za FLAC (faili kubwa zisizopunguzwa ubora) zitageuzwa kuwa MP3 wakati wa kunakiliwa. Kifaa kikicheza FLAC chenyewe, ongeza `audio/flac` baada ya koma ili zisiguswe. Ugeuzaji ukigoma, huenda kigeuzi cha GStreamer, mfumo wa sauti unaotumiwa na Rhythmbox, hakipo; kwenye Ubuntu na Debian za sasa kimo ndani ya `gstreamer1.0-plugins-good`.

Kwa vifaa vya MTP faili hiyo haisaidii. Sakinisha `libmtp-runtime` na `mtp-tools`, kisha endesha `mtp-detect`. Ukiona `libusb_claim_interface() = -6`, maana yake kifaa kimeshikwa na programu nyingine, na kwa kawaida ni kidirisha cha faili (kile cha kufungulia folda) kilichokifungua chenyewe mara tu ulipochomeka. MTP haikubali wawili kwa wakati mmoja. Kitoe humo kidirishani, ujaribu tena. Simu ya Android nayo hutumia MTP: fungua skrini kwa nywila, uchague kuhamisha faili, la sivyo utakuta folda tupu.

Kuna hali nyingine inayofanana na kutotambuliwa: kifaa kinaonekana lakini kila wimbo unakataa kuingia. Endesha `sudo dmesg | tail -n 30` uone ujumbe wa mwisho wa mfumo. Ukikuta maneno `Filesystem has been set read-only`, FAT, yaani mpangilio wa kuhifadhi faili unaotumika kwenye diski ya kifaa, umeharibika, mara nyingi kwa sababu kifaa kilichomolewa ghafla. Kitenganishe kwanza na mfumo bila kuchomoa waya, kisha urekebishe:

`udisksctl unmount -b /dev/sdb1`
`sudo fsck.vfat -a /dev/sdb1`

Vifaa vingine havina `sdb1`, diski yote ni `sdb` tu. Soma `lsblk` kwa makini, kwani ukikosea herufi hapo utakuwa umegusa diski nyingine.

Nyimbo zikiingia lakini zikapigwa kwa mpangilio wa ovyo, tatizo haliko kwenye majina. Vicheza muziki vingi vya bei nafuu hufuata mpangilio ambao faili ziliandikwa ndani ya FAT, wala havijali alfabeti. Kifaa kikiwa kimetenganishwa, `sudo fatsort /dev/sdb1` hupanga upya. Majina ya wasanii yakitoka alama za kuuliza, badilisha lebo (maelezo ya wimbo yaliyo ndani ya faili) ziwe za toleo la ID3v2.3 kwa `eyeD3 --to-v2.3`, maana vifaa vingi vya zamani haviwezi kusoma 2.4.

Ukimaliza kunakili, usichomoe papo hapo hata kama mstari wa maendeleo umefika mwisho, kwa sababu data nyingine bado iko kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Tenganisha, kisha `udisksctl power-off -b /dev/sdb`, usubiri terminali irudi. Clip+ baada ya hapo huandika kwamba inasasisha orodha ya nyimbo. Iache imalize kabla ya kubonyeza chochote.