Ejenti wangu anawaomba wateja paswadi!

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi developa, niko Mwanza. Nimetengeneza ejenti wa AI wa WhatsApp, wenye maduka ya dawa wanamuuliza dawa gani imebaki stoo na yeye anaangalia kwenye mfumo wetu. Shida iko kwenye kulogini. Nimempa zana (kazi ya programu ambayo ejenti anaweza kuiita) inaitwa "ingia", maelezo yake "Inamwingiza mtumiaji kwenye mfumo". Sasa mteja akisema bado sijaweka kodi (code ya kuingilia, si kodi ya nyumba), ejenti anamtumia kodi mpya, na juzi kamwomba dada mmoja paswadi hapohapo kwenye chati. Nibadilishe modeli (ile AI yenyewe inayomwendesha ejenti)?

JIBU: Modeli iache kwanza mdogo wangu. Ejenti haoni programu uliyoiandika nyuma, anachoona ni jina la zana, maelezo yake na vitu vya kujaza, basi. Kwa maneno manne uliyompa ni kama umemtuma mtoto dukani hujamwambia akanunue nini.

Halafu nenda kaangalie, naamini zana yako ina sehemu ya kujaza paswadi. Kama ipo ndo maana anaiomba, ameona nafasi tupu anataka aijaze. Ifute leo. Paswadi na tokeni (usiwaze umeme wa LUKU, nasema ile hati ya muda ambayo seva inatoa mtu akishathibitishwa) zikae seva, modeli isizione kabisa, yenyewe iambiwe tu "ameunganishwa" au "bado".

Kwa kuwa unatumia kodi, nadhani unafuata ule utaratibu wa OAuth (kanuni za kuipa programu ruhusa bila kuipa paswadi) wa vifaa, hati ya kiufundi RFC 8628 ya mwaka 2019, ule ule wa TV inakuonyesha herufi fulani unaenda kuziandika kwenye simu. Mle ndani kuna kazi mbili, kuomba kodi, halafu kuulizia kama mtu ameshakubali, na wewe umezibana kwenye zana moja kwa hiyo kila akitaka kuulizia anajikuta ameanza upya na yule dada kashika kodi ambayo haina kazi tena. Zitenganishe, anza_kuingia na angalia_kuingia. Ya kwanza mimi ningeiandika hivi:

"Inaanzisha kuunganisha akaunti ya mtumiaji. Itumie pale tu zana nyingine ikijibu hajaingia. Inarudisha linki na kodi. Mpe mtumiaji vyote viwili kama vilivyo kisha subiri ajibu. Usiiite tena wakati kodi iliyopo haijaisha muda. Mtumiaji akisema 'bado' au 'tayari', tumia angalia_kuingia. Usiombe paswadi. Akiituma mwenyewe usiirudie, mshauri aibadilishe."

Ni ndefu, ndiyo, na nusu nzima inasema lini ASIITUMIE. Hapo ndo wengi tunapokosea.

Ya pili, angalia_kuingia, ieleze kila jibu la seva linataka afanye nini. authorization_pending: mtu hajamaliza, mkumbushe kwa upole, usitoe kodi nyingine. access_denied: amekataa mwenyewe, muulize kama kweli ndo alichotaka, usimlazimishe. expired_token: hapa sasa ndo unaruhusiwa kuanza upya. Kuna na slow_down, unaulizia haraka mno, ongeza sekunde 5 juu ya zile ulizokuwa unasubiri, ila hilo limalizie kwenye seva yako, ejenti hana saa mkononi.

Kingine kinachosumbua sana ni 401 na 403, namba ambazo seva inajibu ikikataa ombi. 401 ni kwamba seva haijamtambua mtu, hapo kulogini kuna maana. 403 imemtambua vizuri tu ila hilo jambo haruhusiwi, mfano muuzaji wa kaunta anataka kufuta stoo. Usipomwandikia ejenti tofauti hiyo atamrudisha mtu alogini, analogini fresh, anakataliwa tena, wanazunguka hivyohivyo mpaka mteja anazima data.

Ila usije ukaona maelezo ni kufuli. Mtu anaweza kumlaghai ejenti kwa maneno akasahau yote uliyomwandikia, so ruhusa zikaguliwe kwenye seva kila ombi. Na kwenye ule ukurasa wa kuweka kodi andika kabisa kwamba asikubali kama hakuanzisha yeye, maana matapeli wanatuma kodi zao kwa watu.

SWALI: Mimi niko Mombasa. Maelezo ya zana niyaandike Kiswahili ama Kiingereza?

JIBU: Modeli kubwa za sasa zinakisoma Kiswahili, tatizo ni kwamba mara nyingi hukikatakata vipande vingi kuliko Kiingereza na bili huhesabiwa kwa vipande. Chochote utakachochagua, majina ya erori yaache kama seva inavyoyatoa, na yale ya kumwambia mteja yaandike kwa Kiswahili chako cha huko. Kisha mjaribu ejenti kwa vile watu wanavyochati kweli: "nishaeka", "yakataa", "hiyo kodi imegoma", "ngoja nimpe mume wangu simu". Huyo wa mwisho uone atamjibu nini.