Kubadilisha taa ya kuning'inia: swichi ya ukutani haitoshi

Dada, umeuliza kama kuzima swichi ya ukutani kunatosha kabla ya kufungua taa ya kuning'inia sebuleni. Hapana, tafadhali usifanye hivyo. Zima meni swichi (swichi kuu ya umeme wa nyumba nzima), na mwambie kila aliye nyumbani asiiguse. Kisha pima kila waya kwa testa (kifaa kinachoonyesha kama waya una umeme), ukiwa umeijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme ili ujue kwamba inafanya kazi.

Sababu ni hii: nyumba nyingi zetu umeme wa 230V hupitia kwenye kile kikombe cha darini, pale waya wa taa unaponing'inia, kabla ya kushuka kwenye swichi. Ukizima swichi, balbu inazimika lakini kule juu bado kuna waya wenye umeme. Na rangi zisikudanganye. Nyekundu au kahawia ni laivu (waya unaoleta umeme), nyeusi au bluu ni nyutro (waya unaourudisha), lakini waya mweusi unaorudi kutoka kwenye swichi nao hubeba laivu. Ndiyo maana ukikuta waya zaidi ya mbili, piga picha kabla hujalegeza skrubu hata moja, urudishe kila mmoja mahali pake. Waya wa kijani na njano ni wa ethi, yaani wa usalama, unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Taa ya chuma lazima iunganishwe nao.

Uzito usibebwe na waya wala jipsamu. Funga ndoano kwenye mbao ya dari. Tumia ngazi ya mbao, si ya alumini.

Ukikuta waya umeungua au plastiki yake inapukutika, acha hapo, mwite fundi umeme mwenye leseni.