Kikundi cha maigizo Kisumu: tununue sola au tubadilishe taa?

SWALI: Mimi ni meneja wa jukwaa wa kikundi cha maigizo hapa Kisumu. Tunazunguka shuleni na tamthilia za vitabu teule, na mara mojamoja tunakodi ukumbi mjini. Tuna taa 12 za halojeni, wati 1000 kila moja, na jenereta ya kukodi. Mfadhili anataka tutunze mazingira na ametutumia mwongozo wa Uingereza, Theatre Green Book. Pesa hazitoshi kila kitu. Tuanzie wapi, paneli za sola au taa?

JIBU: Anzeni na taa.

Mwongozo huo, uliotoka 2021, ni mzuri, ila waliouandika wanaishi na kumbi zinazopashwa joto wakati wa baridi. Shida yenu ni kinyume: paa la mabati, watu wamejaa, na juu yao taa zinazogeuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme kuwa joto. Tena karibu asilimia 90 ya stima ya gridi ya Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Olkaria ya mvuke mnaijua, na Sondu Miriu ya maji, megawati 60, mko nayo kule Nyakach. Mkiigiza mjini, basi, stima si dhambi yenu kubwa. Dhambi ni jenereta.

Taa zenu zikiwaka zote ni kilowati 12. Ndiyo maana mnalazimika kukodi jenereta kubwa ya dizeli hata kama muda mwingi mnawasha nusu tu. Jenereta ya kVA 20, inayotosha taa hizo, ikibeba nusu ya mzigo hunywa takriban lita 3 kwa saa, na kila lita hutoa kama kilo 2.7 za kaboni dioksidi, mbali na mafuta ya pikapu iliyoibeba. LED nzuri ya wati 150 hadi 200 hufanya kazi ya halojeni moja yenu. Zote 12 hazizidi kilowati 2.4.

Lakini msinunue kwa bei peke yake. LED za bei ya chini huwa na nyekundu, kijani na bluu tu, na zikichanganywa kutoa nyeupe, ngozi nyeusi huonekana ya kijivu au zambarau, mwigizaji akafanana na mgonjwa. Tafuteni yenye kaharabu au nyeupe ya joto ndani yake. Dukani, mmoja wenu asimame mbele ya taa, kisha ipunguzwe polepole hadi izime. Iliyo mbovu hushuka kwa kurukaruka, halafu huzimika ghafla. Irekodini kwa simu pia, kwani nyingine hupepesa kwenye video. Na fundi wenu asiichomeke kamwe kwenye dima (kifaa cha kupunguza mwanga) ya taa za zamani: LED hupewa umeme kamili wa soketi, mwanga ukaongozwa kwa waya wa DMX, unaopeleka amri kutoka meza ya taa. Halojeni mbili nzima bakini nazo kwa ukumbi wa mjini. Mkitaka mwanga wa machweo jukwaani, bado hazijapata mshindani.

Kuhusu mandhari ya jukwaa, kiwango cha chini cha mwongozo kinataka nusu ya vifaa viwe vimewahi kutumika, na asilimia 65 vitumike tena baadaye. Vikundi vyetu hufanya hivyo kwa kukosa pesa, mfadhili asidhani anawafundisha. Mnapopotea ni kwenye plaiwudi ya kupigilia misumari: ikibomolewa hupasuka, ikaishia jikoni ikitoa moshi wa rangi ya mafuta. Tengenezeni fremu za saipresi, futi 4 kwa 8, mzikaze kwa skrubu, mzivike marikani na kuipaka rangi ya maji. Fremu kama hiyo hubebwa na mtu mmoja, na tamthilia ikibadilika mnaipaka upya. Mikeka ya mafunjo hupendeza sana kama ukuta wa nyumba ya kijijini, ila mafunjo makavu hushika moto upesi, kwa hiyo halojeni ikae mbali nayo. Maleba, nendeni Kibuye kwenye mitumba.

Safari nazo zipangeni kwa barabara. Maseno, Luanda, Yala na Ugunja ziko njia moja ya kwenda Busia. Kuzirudia moja moja kutoka Kisumu kwa sababu kila mwalimu ametaja siku yake ni kuchoma mafuta bure. Wapigieni walimu mapema, ninyi ndio mpendekeze tarehe.

Sasa sola. Mkishakuwa na LED, onyesho la saa 2, mkiwasha kama nusu ya taa kwa wastani, pamoja na spika, litatumia kama kilowati-saa 3. Betri ya lithiamu ya kilowati-saa 5 na inveta ya kilowati 3 vinatosha, na mnaichaji ofisini usiku kwa stima ya kawaida. Paneli hazisafiri vizuri, na kuzifunga kwenye paa la ukumbi wa kukodi ni kumjengea mwenye nyumba. Mwombeni mfadhili taa na betri. Kabla ya kumwandikia, kusanyeni risiti zote za dizeli za muhula uliopita, maana kitu cha kwanza atakachouliza ni lita ngapi zitapungua.