Anti, mbona nachoka hivi? Maswali yenu ya uchovu, bwana anayenuna na simu za ushago

Wiki hii meseji zenu zimefanana hadi nikadhani mmekaa kikao. Kila mtu amechoka, na sio ile ya kutoka kazi ukalala ukaamka poa, ni ile ya kuamka umechoka kuliko vile ulilala. Halafu karibu kila mmoja, katikati ya kunieleza mgongo na kichwa, anataja mtu. Bwana, mamake, mdogo wake. Sawa, tutaongea hiyo. Lakini kabla uchukue jibu la mwenzako ulifanye lako, uchovu ukipita wiki kadhaa nenda upimwe kwanza, damu, sukari, thairoidi, HIV, na kama unakohoa, TB. Nimevaa sare ya unesi miaka mingi na nimeona watu wakiambiwa ni stresi tu kumbe ni damu imeisha. Mwanamke asiye na mimba, hemoglobini ikiwa chini ya 12 hiyo tayari ni upungufu, na sisi wenyewe tunaisaidia kushuka na hii tabia ya kushushia maharagwe na sukuma na chai, chai inazuia madini ya chuma kuingia mwilini, ngoja kama lisaa hivi ndio unywe. Haya, tuanze.

"Anti habari. Nalala saa tatu naamka saa kumi na moja na bado nimechoka, vipimo vyote viko sawa. Kitu nimegundua ni bwanangu akienda kazi Mombasa wiki moja napata nguvu, nafua hadi mapazia. Akirudi, siku ya pili nimeanguka. Hajawahi kunipiga, ni mtu wa kununa tu, anaweza nyamaza siku nne. Ama ni mimi niko na shida?" Mama Wawili, Umoja

Dadangu, hiyo ya mapazia nilicheka halafu nikanyamaza. Umejifanyia kipimo ambacho hakuna maabara hapa mjini ingekufanyia.

Mtu wa kununa unaishi ukimsoma. Vile ameweka funguo mezani, vile amevuta kiti, amesema "mm" ya kawaida ama ile ingine. Hiyo kusoma ni kazi na hakuna mtu anakulipa, na mwili haungoji upigwe ndio ujue kuna hatari, ukisubiri tu ubaya homoni za stresi, adrenalini na kotisoli, zinatoka, misuli inakaza, usingizi unakuwa ule wa mama wa mtoto mchanga, sikio moja liko macho. Kotisoli kawaida inapanda asubuhi na kushuka usiku ndio upumzike, sasa wewe unapanda kitanda ukiwa umekaza, hayo masaa nane ni ya saa ya ukutani.

Kuna watafiti wa chuo cha Ohio State, Marekani, walichapisha kitu 2005 ambacho huwa narudia kwa kila mtu. Walichukua wanandoa 42, wakawatoa malengelenge madogo kwa mkono, siku moja wakawaambia wasaidiane kwa maongezi, siku ingine wakawaambia waongee ile maneno huwa inawakosanisha. Baada ya siku ya kukosana vidonda vilichelewa kupona, na wale wa kuchomana sana kwa maneno ngozi yao ilipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ya wenzao wapole. Ni ngozi, sio uchovu, sisemi ni kitu kimoja. Lakini ukiniambia maneno ya nyumbani hayafiki mwilini nitakuonyesha hiyo.

Sasa ufanye nini. Usimwanzishie saa nne usiku, mtagombana na ulale vibaya zaidi. Chagua Jumamosi mchana ameshakula, umwambie kitu kimoja tu, "ukinyamaza siku nne mimi silali," bila ile historia ya tangu 2016. Halafu upande wako kuna kazi pia: muulize mara moja kama yuko sawa, akisema yuko sawa chukua hilo jibu uende ulale, wacha kukisia, kukisia ndio kunakumaliza. Na kama hiyo kununa inakuja na vitisho, ama anakushikia simu na pesa, hiyo si kununa tena, piga 1195, laini ya kusaidia wanaodhulumiwa nyumbani, ni bure na wanashika usiku na mchana.

"Sasa Anti. Mimi ni soja Industrial Area, shifti ya usiku, nakaa Pipeline. Ni fasbon. Simu ikilia ni fii ya mdogo wangu, ni mbolea, ni mjomba kalazwa. Siku ya ofu ndio mwili unakufa kabisa. Kukataa siwezi. Nimekunywa vitamini hadi nimechoka nazo." Fasbon

Kaka, vitamini wacha kwanza. Nusu ya shida yako ni kulala mchana Pipeline, spika ya jirani huku, watoto kwa ngazi kule, hapo hata mimi singepona. Tafuta pazia nzito, ziba masikio, na simu izime kabisa ukilala. Najua umeruka hapo kwa simu. Ukiulizwa utasema vipi kama kuna dharura, nami nakuuliza, katika simu zote za mwezi jana ni ngapi zilikuwa za dharura ambayo masaa sita yangeharibu?

Nilikuwa kama wewe. Jina la mtu fulani wa ukoo likitokea kwa skrini tumbo linakaza kabla nishike, natuma, halafu siku mbili nina hasira na kila mtu isipokuwa yeye. Kilichonisaidia si kukataa, ni kupanga: tarehe moja, kiasi kimoja, na mama aliambiwa mapema. Mwezi wa kwanza walinuna. Wa pili wakauliza kama nimeokoka. Wa tatu simu zilipungua, na nilikuwa nalala.

Na kama mwenzako wa keja anasema unakoroma halafu pumzi inakatika, hiyo mwambie daktari, ni ugonjwa wa usingizi kivyake.

"Mke wangu alipata homa kali mwaka jana. Homa iliisha lakini yeye hakurudi. Akifua nguo za watoto leo, siku tatu yuko chini, anasahau maneno, akisimama kidogo kichwa kinazunguka. Mamangu anasema ni uvivu, nimemdekeza. Mwenzangu kazini anasema ni majeraha ya utotoni. Nimwamshe tufanye mazoezi?" Baba Watatu, Kitengela

Hapana. Usimfanyishe mazoezi.

Hii barua si kama zile mbili za juu. Kufua leo na kulipa siku tatu, hiyo ndio alama kubwa ya ugonjwa wa uchovu sugu, ule madaktari huandika ME/CFS. Jopo la wataalamu wa Marekani mwaka 2015 liliupanga hivi: uchovu wa miezi 6 au zaidi unaokupunguzia uwezo, kuanguka baada ya kujituma, usingizi usioburudisha, na juu yake ama akili kuwa na ukungu ama kuishiwa ukisimama. Mara nyingi huanza na maambukizi, kama homa ya mkeo. Hakuna kipimo kimoja cha damu cha kuuthibitisha kwa hivyo daktari anaondoa magonjwa mengine kwanza, mpeleke, na uende naye maana akili ikiwa na ukungu mtu anasahau nusu ya alichotaka kusema.

Mamako msamehe, ana wenzake wenye digrii. Mwaka 1955 hospitali ya Royal Free kule London, wafanyakazi 292 waliugua ugonjwa wa aina hii kwa mkupuo na wengine hawakupona kabisa. 1970 madaktari wawili wa akili wakapitia faili, hawakuwapima hao wagonjwa, wakaandika ni histeria, na sababu moja kubwa ni kwamba wengi walikuwa wanawake. WHO ilikuwa imeshauweka kwa magonjwa ya neva tangu 1969! Mazoezi ya kuongeza pole pole yalisifiwa miaka na miaka hadi 2021 Uingereza ikabadilisha mwongozo, ikasema yasitolewe kwa hawa wagonjwa, na kaunseling ni ya kumsaidia mtu kubeba, si tiba.

Kwa hivyo utoto wake uache. Nyumba yenu haikumletea huu ugonjwa lakini inaweza kumwangusha kila wiki. Nikupe mfano, mama mkwe akija Jumapili, mkeo ataamka akande chapati za watu kumi aonekane si mvivu, mtakula mtasifu, Jumanne hawezi kuchana nywele. Hapo ndipo uko na kazi. Lipa mama fua hata kama ni mara moja kwa wiki, muwekee stuli jikoni akate sukuma akiwa amekaa, apumzike kabla hajachoka, na siku akiamka na nguvu usimwache azimalize zote. Na kwa mamako uongee wewe, mkeo asiwekwe mbele, wewe ndio mtoto wake. Sema umepeleka hospitali na ni ugonjwa. Mara ya kwanza hatasikia.

"Kuna dada wa Instagram ananiambia tezi zangu za adrenali zimechoka kwa sababu ya eks, ananiuzia unga wa 4,500. Ninunue?"

Usinunue. "Adrenali zilizochoka" si ugonjwa ambao madaktari wa homoni wanautambua. Uko ugonjwa wa kweli wa hizo tezi, unaitwa Addison, unapimwa kwa damu na kutibiwa kwa dawa za daktari, si unga. Hiyo 4,500 inatosha kupima vitu kadhaa na kubaki na fare.

"Nikimwacha nitapona? Jibu ndio ama la." Mchovu, Roysambu

Umwache nani? Hukusema kama ni bwana, ni bosi ama ni mamako! Nenda wiki mbili ukiandika saa ulilala, siku hiyo ulikuwa na nani, na nguvu ilikuwa ngapi kwa kumi, kama yule wa mapazia. Upime na damu. Halafu uniandikie tena, na this taimu uweke zaidi ya mstari mmoja.