Kichwa kinaniuma nikikaa: je, ni ile sindano ya mgongo?

Swali: Shikamoo daktari. Nina siku nne tangu nijifungue kwa upasuaji hapa Mwanza. Nilichomwa sindano ya ganzi mgongoni. Tangu siku ya pili, nikikaa kunyonyesha kichwa kinauma mno hadi shingoni, nikilala kinapoa. Presha ni nzuri. Mama mkwe anasema mgongo wangu umeshaharibika, na nyumbani Ukerewe wananisubiri. Mimba ijayo niikatae sindano hii?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na hongera ya uzazi.

Hilo la kulala kikapoa limeniambia mengi. Ubongo na uti wa mgongo vimezungukwa na maji yaliyoshikwa na utando. Sindano hutoboa utando huo ili ganzi ifike ndani. Kwa kawaida tundu huziba lenyewe. Lako, naona, bado linavujisha maji, na ukiinuka kichwa kinalipia. August Bier, daktari Mjerumani aliyeanzisha ganzi hii mwaka 1898, alichomwa na msaidizi wake, naye akaumwa kichwa hivyohivyo. Siku hizi sindano nyembamba zenye ncha ya penseli zimepunguza sana tatizo hili. Natamani kila chumba cha upasuaji kandokando ya ziwa kiwe nazo.

Mara nyingi huisha ndani ya wiki moja au mbili. Nyonyesha ukiwa umelala ubavu, kunywa maji ya kutosha. Paracetamol vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku, haina shida kwa anayenyonyesha. Kahawa kidogo huwasaidia wengine.

Lakini kama huwezi kukaa hata kumshika mwanao, usijikaze. Rudi hospitali uulizie mtaalamu wa usingizi. Iko tiba ya kutoa damu mkononi mwako, kama mililita 20, na kuichoma mgongoni karibu na tundu ili izibe. Wengi hupata nafuu siku hiyohiyo. Haifanyiki kila kituo, kwa hiyo kivuko cha kwenda Nansio, huko Ukerewe, kisubiri kwanza.

Kichwa kikiuma hata ukilala, macho yakiona ukungu, presha ikifika 140/90, ukipata homa na shingo kukakamaa, degedege, miguu kulegea au mkojo kugoma, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Kifafa cha mimba humpata mama hata baada ya kujifungua.

Kuhusu mgongo, mheshimu mama mkwe, ila sababu siyo sindano. Huchomwa chini ya pale uti wa mgongo unapoishia. Maumivu ya siku chache pale ulipochomwa yapo. Maumivu ya miezi na miaka hutokana zaidi na mimba yenyewe, kuinama na ndoo za maji.

Mimba ijayo usiikatae sindano hii. Kwa upasuaji wa uzazi, mara nyingi ni salama kuliko nusu kaputi, na utamsikia mtoto akilia. Mweleze tu mtaalamu wa usingizi yaliyokupata safari hii, kabla hajashika sindano.